Simu ya Bure ya Mzee Onchiri

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mvua ya kwanza imeshuka leo alasiri. Tulifunga madirisha ya ofisi ya simu hapa Kisii, na Persis, opareta mwenzangu, akasema sasa nyaya zitaanza wazimu wake. Kabla hatujatoka kazini laini ya Kericho ilikuwa inanguruma tu.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu nina jambo na sina wa kumwambia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiswahili naweza kumtaja baba mkwe wangu, Mzee Onchiri. Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, mdomo unafunga wenyewe. Sisi tuna chinsoni, ile haya na heshima kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Hatupeani mikono, hatuketi chumba kimoja, yeye haingii nyumba yetu, na kuna maneno ambayo nikiyatamka mbele yake ni heri ardhi inimeze. Tangu niolewe sidhani tumesemeshana uso kwa uso zaidi ya salamu.

Jambo lenyewe ni hili. Jana Zachariah, mume wangu, kabla ya kurudi kazini kwake Itumbe kwenye kiwanda cha majani chai, aliniambia akiwa anafunga kamba za viatu, macho chini: "Mzee amesema mvua ikiisha uache kazi ya simu. Urudi nyumbani Suneka, ulime."

Nikamuuliza yeye alimjibu nini. Akasema alimjibu, "Nimesikia."

Yaani nina mvua moja tu ya kuwa opareta. Nimekasirika hata chai sijamaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kazi nyingi. Bwana Machogu, msimamizi wetu, amekohoa siku nzima.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya zamu ya Persis. Yeye ni Mkatoliki, mimi Msabato, kwa hiyo yeye hunishikia Jumamosi nami namshikia Jumapili. Ni mpango mzuri na hakuna Sabato hata moja niliyowahi kuvaa vyombo vya masikioni. Lakini kanisani Suneka kuna watu wamemnong'oneza mzee kwamba mke wa mwanawe huunganisha watu simu siku ya Sabato, ilhali baba mkwe ni mzee wa kanisa. Hajaniuliza. Angeniulizaje? Hiyo ndiyo taabu ya chinsoni: mtu akisingiziwa hana mlango wa kujitetea.

Jumamosi, 16 Machi

Nyumbani Suneka. Leo nimejua habari ya simu ya bure.

Baba mkwe ni mwenyekiti wa chama cha wachonga mawe, yale mawe laini ya huku kwetu yanayoitwa mawe ya sabuni. Mwaka jana mama mmoja Mwingereza, Bi. Pelham, alichukua sampuli zao, akachukua na vikapu vya akina mama wa Ikonge, kila sanamu iuzwe ndani ya kikapu chake. Sasa anataka mzigo mkubwa, meli ya Julai, lakini ana mambo ya kuzungumza kwanza na pande zote mbili. Kwenye karatasi ya kampuni yake kuna namba ya simu, na chini yake imeandikwa kwamba anayepiga halipi kitu. Mwalimu Ongeri aliwasomea wanachama. Wakapiga makofi. Mzee akatangaza kwamba London sasa iko karibu kuliko Nairobi.

Nilikuwa jikoni na mama mkwe, namenya ndizi. Mzee alikuwa nje, ukutani, kwenye kigoda chake. Ukuta wa jikoni ni fito, unasikia hata mtu akimeza mate.

"Mama," nikasema, "namba ile ni bure kwa watu wa huko kwao. Kutoka hapa hata haishiki. Dakika za London zinalipwa, na ni ghali sana."

Mama mkwe akageuza kichwa kidogo tu. "Baba Zachariah, anasema namba ni bure kwa watu wa huko kwao. Kutoka hapa haishiki."

Halafu sauti ya mzee: "Mwambie imeandikwa bure. Mzungu hawezi kuandika uongo kwenye karatasi yake mwenyewe."

"Anasema imeandikwa bure," mama mkwe akaniambia, kana kwamba mimi kiziwi.

Jumatatu, 18 Machi

Mzee amepiga kutoka dukani kwa Ombui, ambako ndiko kuna simu. Duka zima lilikuwa nyuma yake, nilisikia wanakohoa.

"Opareta! Nipe London. Hiyo ya bure."

Sijui kama alijua ni mimi. Nilijibu kwa sauti ya kazi, nikaomba Nairobi, Nairobi wakaomba London. Bibi mmoja wa huko, mpole kabisa, akasema samahani, namba ya namna hiyo hupigwa kutoka ndani ya nchi yao peke yake. Nikamwambia mzee: "London wanasema namba hii haipigiki kutoka nje, bwana."

"Asante, opareta," akasema, akakata.

Nilimwonea huruma. Ombui ameniambia watu wote wale walikuwa wamevaa makoti ya kanisani kwa ajili ya simu hiyo.

Ijumaa, 22 Machi

Zachariah amekuja mapema, amelowa hadi soksi. Nimemwambia amwambie babake: kuna simu inayolipiwa na anayepigiwa. Wapeleke telegramu kwa Bi. Pelham, wamwombe akubali kulipa. Na wasiombe simu mbili, moja ya Suneka na moja ya Ikonge, maana hakuna tajiri atakayekubali mara mbili. Mimi naweza kuunganisha nyaya kwenye ubao wetu wa simu, Suneka, Ikonge na London wakae kwenye mazungumzo mamoja.

"Wote watatu pamoja?" akauliza.

"Wote pamoja. Ila kila ukiongeza mtu, sauti inapungua."

Akafikiri. "Kama uji," akasema. Mume wangu anajua kuchekesha akiwa na njaa.

Jumanne, 2 Aprili

Bi. Pelham amekubali! Atalipa, simu moja, dakika kumi. Ila amependekeza Jumamosi. Mzee amejibu kwamba Jumamosi hata malaika akipiga hapokei.

Jumatano, 10 Aprili

Imekubaliwa Jumatano ya tarehe ishirini na nne, saa kumi alasiri. Nimewasihi Nairobi watupe asubuhi, lakini asubuhi yetu huko London watu wako kitandani, na saa za katikati zimeshikwa na makampuni makubwa. Kilichobaki ni saa kumi.

Saa kumi! Mtu yeyote wa Kisii anajua saa kumi ya Aprili ni ya nani. Lakini utamwelezaje mtu wa Nairobi kwamba huku mvua ina ratiba?

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka ya akina Persis. Zamu tupu, nimefuma sweta.

Jumatano, 24 Aprili

Saa tisa na nusu mti ulianguka juu ya nyaya za kwenda Kericho. Hatukuwa na Nairobi mpaka jioni. Mzee alingoja dukani na Mwalimu Ongeri, aliyekuja kutafsiri. Kule Ikonge alingoja Gesare, kiongozi wa wanawake wa vikapu, aliyetembea kilima kizima na mwavuli uliovunjika. Nilimwambia kila mmoja kwa sauti ya kazi kwamba laini imekatika. Gesare alisema, "Basi mvua imeongea peke yake." Mzee alikata bila kuaga.

Telegramu imetoka London: mara moja zaidi, tarehe nane Mei. Isiposhikika, mama huyo atanunua kwingine, maana meli haingoji.

Jumamosi, 27 Aprili

Mama mkwe ananiambia mzee halali vizuri. Wanachama wamekwisha kuchimba mawe, mashimo yamejaa maji, vijana wamekaa. Ananiambia pia kwamba wenye wivu kanisani wamesema tena: simu ilikatika kwa sababu inaendeshwa na mtu anayevunja Sabato. Niliacha kumenya. Nikasema, kwa sauti, nikiukusudia ukuta ingawa namtazama mama mkwe: "Mama, sijawahi kufanya kazi Sabato hata moja. Muulizeni Persis."

Safari hii mama mkwe hakurudia. Hakukuwa na haja. Kigoda kule nje kilisogea.

Nimeona aibu, lakini sijutii.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imekaza. Soko limekuwa tope tupu.

Jumatano, 8 Mei

Niandike polepole, nisiache kitu.

Saa tisa mbingu zilikuwa nyeusi upande wa Suneka. Nilimwomba Bwana Machogu ruhusa, maana kanuni inakataza opareta kuingia kwenye mazungumzo ya wateja. Akasema, "Unganisha, kisha nyamaza." Persis alichukua laini nyingine zote.

Nilivuta Suneka kwanza. Ombui alipokea na nikasikia mvua kabla ya kumsikia yeye. Duka lake ni mabati matupu, halina dari. Akasema Mwalimu Ongeri hajafika, kijito kimejaa, daraja limefunikwa, wanamwona ng'ambo anapunga mkono. Nikavuta Ikonge. Laini ya Ikonge ni ya watu wengi, duka na misheni na kinu cha posho wote waya mmoja, na nilisikia kabisa watu wanainua vyombo kusikiliza. Gesare alikuwepo, anahema. Kisha Nairobi, kisha London, na Bi. Pelham akasema ndiyo, anakubali kulipa.

Nikaunganisha nyaya. Na kweli, sauti ikawa uji wa mgonjwa. Bi. Pelham alikuwa anaongea chini ya mto, mbali sana.

"Halo!" mzee akapiga kelele. "Halo! Opareta! Sisikii kitu! Ni mvua tu!"

"Hata huku anasikika kama nzi," akasema Gesare.

Bi. Pelham akauliza kama tupo. Akauliza tena. Mimi namsikia vizuri, vyombo viko masikioni mwangu na ofisi yetu ina dari. Nilimtazama Bwana Machogu. Alikuwa anatazama saa ya ukutani, anaona dakika zinavyokwenda. Kisha akatazama dirisha, kwa makusudi, kama mtu anayependa sana madirisha.

Nikabonyeza kitufe cha kusema. "Mzee, huyu ni opareta wa Kisii. Mimi namsikia. Nikirudia maneno yake mtanisikia?"

Nilisema kwa Kiswahili. Sikupanga. Kama ningesema Ekegusii ningekuwa mke wa Zachariah anayepayuka mbele ya baba mkwe, na Ikonge nzima inasikiliza.

Bila shaka mzee alinitambua. Alikuwa na uwezo wa kuweka chombo chini, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angemlaumu.

"Wewe opareta," akasema, naye kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "sema. Mimi iko hapa."

Tukaanza. Bi. Pelham alisema vikapu ni vizuri lakini vipana, sanamu zinacheza ndani. Nikarudia. Gesare akasema watapunguza, ni kazi ya siku moja kubadili mkono. Bi. Pelham alisema sanamu za twiga na tembo azidishiwe. Mzee akasema wapo, tena wengi. Nikaanza kupata raha. Nilikuwa nimewashika wote watatu mikononi, namgeuzia huyu, namgeuzia yule.

Ndipo Bi. Pelham akafika kwenye sanamu ya mama na mtoto.

Naijua sanamu hiyo. Mzee aliibuni mwenyewe: mama anayenyonyesha, ila kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa aliichongea shuka kubwa kutoka begani hadi magotini, na mtoto yuko ndani ya shuka. Bi. Pelham alisema hiyo ndiyo anayoitaka kuliko zote, ana maduka mengi yanayoingoja. Lakini wateja hawaelewi mama amebeba nini. Mmoja alidhani kabichi. Anaomba shuka iondolewe, titi lionekane, mtoto anyonye watu wamwone. Bila hivyo hana haja na mzigo wote, kwa sababu hiyo sanamu ndiyo itakayouza nyingine. Je, wanakubali?

Nikanyamaza.

Kuna maneno mengi duniani na ilibidi liwe hilo. Bi. Pelham akauliza tupo? Gesare akauliza amesema nini? Mzee akasema, "Opareta? Yeye nasema nini? Mbona imenyamaza?" Nilifikiria kumwambia laini imekatika. Nilifikiria kusema anataka mtoto aonekane vizuri, basi, lakini angechonga uso wa mtoto ukichungulia kwenye shuka na mzigo ungerudi. Nikafumba macho.

"Mzee," nikasema, "mteja wa London anasema sanamu ya mama, watu hawajui amebeba nini. Anasema shuka iondolewe. Titi lionekane, mtoto akinyonya. Bila hivyo hachukui mzigo."

Basi. Limetoka. Mvua ya Suneka ikapiga mabati. Kwenye kinu cha posho mtu alikohoa kikohozi cha kucheka. Hata Gesare, mwenye mdomo, alinyamaza, kwa kuwa Gesare anajua mimi ni mke wa nani.

Sijawahi kungoja kitu vile.

"Opareta," sauti ya mzee ikaja, ya chini kuliko mwanzo lakini nilisikia kila neno. "Mwambie huyo mama, sisi nimesikia. Itaonekana."

"Ataona, tena yote mawili!" Gesare akalipuka, na misheni, duka na kinu wote wakacheka kwenye waya. Bi. Pelham aliuliza kicheko ni cha nini. Nikamwambia wamefurahi, wamekubali. Akafunga mkataba kwa mdomo, akaaga, dakika zikaisha.

Niliondoa nyaya. Bwana Machogu aliacha dirisha lake akasema, "Mvua hii," akarudi mezani.

Nimepata simu iliyotafutwa tangu Machi. Lakini Jumamosi nitapitia wapi kuingia boma lile?

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwambia Zachariah sitakwenda Suneka, nina mafua. Sina mafua. Naye amejua.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekwenda. Nilipitia njia ya nyuma, ya migombani, mzee asinione. Jikoni mama mkwe alinipa mwiko nikoroge uji kana kwamba hakuna lililotokea. Kutoka nje sikusikia patasi, kwa kuwa ni Sabato, lakini vumbi jeupe la mawe lilikuwa kila mahali, hata kwenye majani ya migomba.

Aliniambia kwa kunong'ona kwamba wazee wa kanisa walimwita mzee kuhusu sanamu. Aliwajibu: "Ni mama ananyonyesha. Nani kati yenu hakunyonya?" Wakamwombea, wakaenda zao.

"Na habari yangu?" nikauliza.

"Hajakutaja," akasema. Sikujua nifurahi au nilie. Nilikoroga.

Jumatano, 5 Juni

Mvua imepungua. Jana haikunyesha kabisa. Kila mtu anafurahia jua na mimi nalichukia.

Jumatatu, 10 Juni

Jua tena. Masanduku yamepita leo kwenye lori, kwenda Mombasa. Lilisimama mbele ya posta, ilipo ofisi yetu, na Gesare alikuwa mbele na dereva, akanipungia mkono. Alifungua kikapu kimoja akanionyesha kutoka dirishani. Mama wa jiwe, ameinamisha kichwa, na mtoto amelishika titi kwa mikono yote miwili. Hakuna anayeweza kudhani kabichi. Ni nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchonga mzee, na ningependa kumwambia, na siwezi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeanza kupanga vitu vyangu. Nimempa Persis birika. Nimemwandikia Bwana Machogu barua ya kuacha kazi lakini sijaitoa mkobani.

Ijumaa, 14 Juni

Saa tatu asubuhi, jua kali, kijitaa cha Suneka kikawaka ubaoni.

"Kisii, nikusaidie?"

"Opareta." Ilikuwa sauti yake, na nyuma yake hakukuwa na mvua wala watu. Ombui alikuwa amemwachia duka. "Habari ya kazi?"

"Nzuri, bwana. Unataka namba gani?"

"Mimi sitaki namba. Niko na ujumbe. Hapo Kisii kuna bibi ya kijana yangu, anaitwa Drusilla. Unamjua?"

Nilishika ukingo wa ubao. Persis akanitazama.

"Namjua," nikasema.

"Mwambie hivi. Mwambie mimi nilisema mvua ikiisha arudi nyumbani. Mwambie mvua imeisha." Nilimsikia anapumua. "Mwambie asirudi. Akae hapo kwa simu. Shamba tutatafuta mtu. Na mwambie hiyo maneno ya Sabato, mimi niliuliza. Nikajua ni uongo. Umeshika?"

"Nimeshika, bwana. Nitamfikishia."

"Atakubali?"

"Amekubali."

"Hujamuuliza bado."

"Yuko hapa karibu, mzee."

Laini ilikuwa safi kabisa, husikii hata kidudu.

"Basi mwambie pia," akasema, "kwamba alisema vizuri."

Akakata bila kuaga, kama kawaida yake. Nilikaa na waya mkononi mpaka Persis akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, anirudishie birika langu.